Mapengo ya Bwana wa Ndago

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Wameitika watatu tu. Nyinyi wengine mmefumba midomo, kila mmoja anasema moyoni, "Jirani yangu ataitika." Tabia hiyo ndiyo iliyonileta hapa leo. Tuanze upya, na nikusikie hata wewe mwenye muhogo mdomoni. Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo kale, kale ya zamani, babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na nyika. Nyika kavu. Nyasi kavu, miiba mikavu, hata upepo wake mkavu. Katikati ya nyika palikuwa na bwawa moja lisilokauka, limezungukwa na majani ya ndago. Watu wa huko wakaliita Ndago. Ukitoka Ndago kwenda kutafuta maji mengine utatembea siku sita, na siku ya tano utakufa. Kwa hiyo hakuna aliyetoka.

Na bwawa lilikuwa na mwenyewe. Mamba. Mamba mkubwa, mgongo kama gogo lililoungua, mkia wa kumvunja nyati mguu. Jina lake halikutajwa. Aliitwa Bwana wa Ndago.

Mababu wa wanyama walifanya naye agano mwaka wa ukame. Agano lilikuwa hivi. Bwana wa Ndago hatamgusa mnyama anayekunywa maji. Na wanyama nao, kila mwezi ukiandama, kesho yake asubuhi, mmoja wao atamleta mwanawe. Kwa zamu. Mwezi huu ngiri, mwezi ujao digidigi, mwezi ule kuro, hivyo hivyo mpaka zamu irudi ilikoanzia.

Mnasema agano baya? Ni baya. Mababu walisema kiu ni mbaya zaidi. Na mababu wakishasema, wajukuu hunywa maji wakanyamaza.

Tena agano lilikuwa na sheria mbili ndogo, na hizo ndogo ndizo zilizouma. Ya kwanza: siku ya kutoa, wanyama wote wasimame ukingoni, safu moja, vichwa chini, macho yamefumbwa, vinywa vimefungwa. Atakayefumbua kinywa au kukataa zamu yake, majirani zake wamsukume majini, wa kulia na wa kushoto. Na jirani asiyesukuma, naye asukumwe na jirani yake.

Ya pili: siku nyingine zote, neno lisemwe na wawili tu. Wawili ni mazungumzo, watatu ni uasi. Bwana wa Ndago alisema mikutano ndiyo iletayo ugomvi wa maji, na mwaka ule ugomvi ulikuwapo kweli, basi wakakubali.

Mwanzo waliishika sheria hiyo kwa hofu. Kisha wakaizoea. Kisha, sikilizeni vizuri hapa, wakaiita adabu. Mama akimlea mwanawe alimwambia, "Neno la maana huambiwa mtu sikioni, mwanangu. Kusema mbele za watu ni utovu wa adabu." Wakiwa wawili wanaongea, wa tatu hupita mbali na kukohoa, kho, kho, ili wajue kuna mtu. Hata korongo wa safari wakitua Ndago walisifu: "Wanyama hawa wana heshima!" Heshima! Puu!

Basi, palikuwa na Tohe.

Mnamjua tohe? Ni yule swala wa majanini, miguu myembamba, masikio mapana, haendi mbali na maji. Tohe huyu alikuwa mjane, na alizaa mara mbili. Wa kwanza alimwita Mosi. Zamu ilipomfikia, alimpeleka Mosi. Miaka ikapita, tumbo halina kitu, akakata tamaa kabisa. Alipopata tena, mtoto akamwita Sikudhani. Sikudhani alikuwa na mchezo wa kulala ameweka shingo juu ya mguu wa mama yake. Mguu unakufa ganzi, na mama hausogezi.

Sasa rudini nami nyuma kidogo, mpaka asubuhi ile ya Mosi. Anayetoa huteremka peke yake, yeye na mwanawe, mpaka ndani ya ndago, mahali ambapo walio ukingoni hawaoni hata wakifumbua macho. Tohe akateremka. Mamba akafumbua kinywa. Tohe akaona. Akaona nini?

Hakuna jino!

Juu fizi, chini fizi. Kinywa kitupu kama chungu kilichooshwa. Uzee ulikuwa umeyang'oa yote, moja baada ya moja. Mamba hakumng'ata Mosi. Alimlalia. Akamlalia mpaka maji yakafanya kazi ambayo meno hayakuweza. Kisha akamgeukia Tohe, akamwambia kwa sauti ya chini, kwa adabu ile ile:

"Umeona, Mama Mosi?"

"Nimeona, Bwana."

"Umeona peke yako. Wenzako wote wanajua nina meno kama misumari. Haya, nenda kaseme. Tutatazama nani atakusukuma kwanza."

Tohe akapanda ukingoni. Akaingia katika safu, akainamisha kichwa. Hakusema.

Na msimlaumu upesi. Mamba hakuwa na meno, lakini uzito alikuwa nao, na mkia alikuwa nao. Anayemshukia peke yake anakufa. Wakimshukia wote pamoja, kwato mia na zaidi, huyo si mamba tena, ni gogo la kukanyaga. Ila ili washuke wote, kila mmoja awe na hakika kwamba mwenzake anashuka. Nani atamwingiza mwenzake kwenye maji kwa neno la sikioni?

Zamu zikazunguka. Zikazunguka. Zikarudi kwa Tohe.

Zilibaki siku tatu mwezi uandame. Tohe alikuwa amelala, Sikudhani kamlalia mguu, na Tohe akaanza kuwaza. Akawaza pole pole, kama mtu anayechambua mchele. Kila aliyetoa mtoto aliteremka ndani ya ndago. Kila aliyeteremka aliona kinywa. Ngiri ametoa. Nyumbu ametoa. Punda Milia ametoa. Basi Ngiri anajua! Nyumbu anajua! Punda Milia anajua! Kila mmoja anajua, na kila mmoja aliambiwa yuko peke yake!

Akamwamsha mwanawe.

"Sikudhani, mwanangu. Wewe huendi."

"Siendi wapi, mama?"

"Kokote. Huendi kokote. Lala."

Asubuhi akaondoka mbio, tipu tipu tipu, mpaka kwa Ngiri. Ngiri ndiye aliyesimama kuliani kwake katika safu. Mnajua ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso ubaki mlangoni. Ndivyo alivyomkuta.

"Hodi, Mzee Ngiri."

"Karibu, Mama Mosi. U peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi karibu zaidi."

"Mzee wangu, siku uliyompeleka mwanao, uliona nini kinywani mwa Bwana?"

Ngiri akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akarudi nyuma shimoni hatua moja.

"Niliona niliyoyaona."

"Mficha uchi hazai, mzee. Uliona meno?"

Ngiri akakwaruza udongo kwa kwato. Kisha akasema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto, "Sikuona hata moja. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu."

"Mimi pia sikuona."

"Wewe pia? Nami nilidhani ni mimi tu!"

"Basi siku ya zamu sitashuka. Nitasimama pale pale nilipo. Nakuomba jambo moja tu, mzee wangu. Usinisukume."

Ngiri akakuna shavu kwa mwamba. "Mimi sina haja ya kukusukuma, mwanangu. Lakini ubavuni mwangu anasimama Nyumbu. Nisipokusukuma wewe, Nyumbu atanisukuma mimi."

"Nyumbu ametoa mtoto. Nyumbu anajua."

"Anajua, haya. Lakini anajua kwamba mimi najua? Akidhani bado naamini meno, ataniogopa. Na unamfahamu Nyumbu, akiogopa hukurupuka. Kamwulize."

Tipu tipu tipu, Tohe huyo mpaka uwanda wa magharibi, jua la utosini. Nyumbu alikuwa anazunguka peke yake, anatingisha kichwa.

"Shemeji Nyumbu, shikamoo."

"Marahaba. Uko peke yako? Vizuri. Sema."

"Bwana wa Ndago hana meno."

Nyumbu akaacha kuzunguka. Kisha akaangua kilio, kilio cha dume zima. "Najua, shemeji. Miaka minne najua. Nimekula majani na siri hiyo, nimecheua na siri hiyo. Lakini Ngiri hajui."

"Anajua. Ametoka kuniambia leo asubuhi."

"Kumbe!" Nyumbu akafuta uso kwa goti. Kisha akatulia, akafikiri. "Lakini, shemeji, Ngiri anajua kwamba mimi najua? Kama hajui, atanihofia mimi, na akinihofia atakusukuma wewe ili nimwone anatii. Rudi umwambie najua. Kisha uniletee jibu."

Tohe akarudi. Tipu tipu tipu.

"Mzee Ngiri, Nyumbu anajua, na ameambiwa kwamba wewe unajua."

"Alhamdulillahi," akasema Ngiri. Kisha akarudi shimoni hatua moja. "Lakini yeye anajua kwamba ujumbe wake umenifika? Njia ni ndefu. Pengine anadhani umeliwa na chui. Akidhani umeliwa, atadhani mimi sina habari. Rudi umwambie umenifika."

Tipu tipu tipu.

"Shemeji, ujumbe wako umemfika."

"Ahsante. Lakini yeye anajua kwamba mimi najua kwamba umemfika? Rudi."

Tipu tipu tipu. Mnacheka. Chekeni, meno mnayo. Tohe hakucheka. Ngiri anajua. Nyumbu anajua. Ngiri anajua kwamba Nyumbu anajua. Nyumbu anajua kwamba Ngiri anajua kwamba Nyumbu anajua. Haya, semeni nami kama mnaweza! Ngiri anajua kwamba Nyumbu anajua kwamba Ngiri anajua kwamba... Umekosea wewe, ulimi umekukwama. Na wewe umekaa tu. Yeye alikuwa anakimbia.

Tena hawakuwa waongo. Hilo ndilo linaloniudhi mimi kila nikisimulia. Wangekuwa waongo ningewatukana nikapumua. Kila mmoja alisema kweli, kila mmoja alimtakia mema, na kila swali walilouliza lilikuwa na maana. Kila jibu lilifunga fundo moja, na kila fundo liliomba jingine juu yake. Kamba isingeisha hata angekimbia mpaka masika.

Siku ya pili akaenda kwa Punda Milia, jirani yake wa kushoto. Punda Milia alikuwa mama wa makamo, mchache wa maneno.

"Dada Punda, nimekuja kukwambia kitu."

"Hana meno," akasema Punda Milia.

"Unajua!"

"Nilimpeleka mwanangu mwaka jana. Macho ninayo."

"Nisiposhuka, utanisukuma?"

Punda Milia akatafuna. Akameza. "Nitamsikiliza Ngiri. Ngiri akitulia, nami nitatulia. Ngiri akikusukuma, nitasukuma, kwa sababu ubavuni mwangu kwingine wako pofu na swala na sijui wao wanajua nini. Kawaulize."

"Dada, ni wengi! Wawili wawili nitawamaliza lini?"

"Basi nenda upesi."

Akaenda. Pofu anajua. Swala anajua. Kuro anajua. Kila mlango aliobisha walijua! Na kila mlango ulimpa swali la kupeleka mlango mwingine. Akapitisha siku ya pili. Akaingia siku ya tatu, kwato zimepasuka, povu mdomoni. Njiani aliwaona digidigi wawili wananong'ona. Alikuwa na neno la kuwaambia. Akapita mbali, akakohoa, kho, kho. Adabu!

Saa tisa ya siku ile ya tatu alisimama kwenye kivuli chembamba cha mgunga. Hapo wazo likamjia. Likamjia wazi, bila kubisha hodi. Usiwaambie wawili wawili. Waambie wote, mara moja, ukingoni, kila mmoja akisikia na kila mmoja akimwona mwenzake anasikia. Neno moja tu, na kamba yote inakatika.

Kusema mbele ya safu nzima! Mama yake hakumlea hivyo. Na wakimsukuma je? Atakufa yeye, kisha watamtwaa Sikudhani na kumshusha vile vile, mtoto asiye na wa kumlilia. Akatingisha kichwa kama anayefukuza nzi. "Bado kuna muda," akasema. "Niende kwa Nyumbu mara moja ya mwisho."

Alijua la kufanya, nawaambia. Alilijua, akachagua mbio kwa sababu mbio zilikuwa rahisi kuliko kusema. Nampenda Tohe huyu, lakini hapo sitamtetea.

Jua likazama. Mwezi ukaandama, mwembamba kama ukucha. Kukakucha.

Wakasimama ukingoni, safu moja. Swala, pofu, Punda Milia, kisha Tohe na Sikudhani miguuni pake, kisha Ngiri, kisha Nyumbu, na wengine mpaka mwisho. Vichwa chini. Macho yamefumbwa. Vinywa vimefungwa. Kimya jii. Maji yakatikisika, mgongo ukatokeza.

"Zamu imefika," akasema Bwana wa Ndago. "Ashuke mwenye zamu."

Tohe hakusogea.

Pumzi ya kwanza. Hakusogea. Pumzi ya pili. Hakusogea. Alisema moyoni, wanajua, wote wanajua, Ngiri anajua kwamba Nyumbu anajua. Pumzi ya tatu. Na hapo, kuliani kwake, akasikia kwato. Kacha!

Mguu wa Ngiri umesogea.

Umesogea kumsukuma? Umesogea kumpisha nzi? Umekufa ganzi tu, mzee wa watu? Macho yamefumbwa, hakuna anayeona. Nyumbu aliusikia, naye akasogeza wake, kacha. Punda Milia akausikia, akasogeza wake, kacha. Kwato zikasogea safu nzima, kacha kacha kacha, kila mmoja amemwogopa mwenzake anayemwogopa yeye. Safari zote zile, siku tatu za mbio, zikashindwa na ukwato mmoja.

Tohe akateremka.

Akateremka na mwanawe mpaka ndani ya ndago. Matope yalikuwa baridi. Sikudhani akasimama.

"Mama. Ulisema siendi."

"Nilisema, mwanangu."

"Mbona tunaenda?"

Mngempa jibu gani nyinyi? Mamba akafumbua kile kinywa chake kitupu, akamvuta mtoto kwa fizi, akamlalia. Chubwi. Viputo vichache. Kisha hata viputo hakuna.

"Umeona tena," akasema Mamba. "Na tena umeona peke yako. Rudi mahali pako, Mama Sikudhani."

Tohe akapanda ukingoni. Safari hii hakuingia katika safu. Alisimama mbele yao wote, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamtoka. Tohe akiona hatari hupiga mluzi, ndiyo silika yao, na mluzi wa tohe husikika nyika nzima. Akaupiga. Fyuuuuu! Vichwa vikainuka vyenyewe. Macho yakafumbuka yenyewe.

"Hana meno!" Tohe akapiga kelele. "Bwana wa Ndago hana meno! Hana hata moja! Sikieni wote, hana meno!"

Ngiri akamtazama Nyumbu. Nyumbu akamtazama Ngiri. Ngiri akaona Nyumbu hakushangaa. Nyumbu akaona kwamba Ngiri ameona. Punda Milia akawaona wote wawili. Pofu akamwona Punda, swala akamwona pofu, na hakuna mmoja kati yao aliyeshangaa, na kila mmoja aliona kwamba hakuna aliyeshangaa. Hapakuwa na tipu tipu. Hapakuwa na rudi umwambie. Kufumba na kufumbua, kamba isiyo na mwisho ilikuwa imefika mwisho wake.

Hakuna aliyesukuma.

Mamba akaona mambo yameharibika. Akajitokeza majini kuwatisha, akaachama kinywa, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Fizi zikang'aa juani, mbele ya macho ya wote.

Nyumbu akashuka. Ngiri akashuka. Wakashuka wote, tindi tindi tindi, vumbi, matope, maji, kwato, pembe. Mkia ulipiga mara moja ukavunja mguu wa kuro mmoja. Haukupiga mara ya pili. Uji usingewahi kuchemka. Miaka yote ile, watoto wote wale, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kupika uji!

Furaha iliyokuwapo siwezi kuisimulia. Walikunywa maji bila kuinama kwa hofu. Walikutana watatu, walikutana kumi, walisema wote kwa pamoja hata hakuna aliyemsikia mwenzake.

"Mimi nilijua!" akasema swala.

"Mimi nilijua kabla yako," akasema pofu.

"Nani hakujua?" akasema kuro aliyevunjika mguu, na wote wakacheka.

Tohe alikuwa ndani ya ndago. Alikuwa amempata mwanawe. Alimvuta mpaka pakavu, akawa anamlamba manyoya, upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mtoto aliyetoka kuzaliwa. Ngiri akaja taratibu.

"Pole sana, mwanangu. Lakini umetuokoa. Wote wanakutaja."

Tohe hakuinua kichwa. "Mzee Ngiri. Alipokuwa anashuka, ulijua?"

"Nilijua. Ila sikuwa na hakika kama Nyumbu..."

"Nawe, shemeji?"

Nyumbu alikuwa amesimama nyuma. "Nilijua. Lakini nilisikia mguu wa Ngiri."

"Nilibadilisha mguu tu!" akasema Ngiri. "Wallahi, nilichoka tu!"

Hapo Tohe akainuka. Akawageukia wote, wale waliokuwa wanacheka na wale waliokuwa wanakunywa, akawapigia kelele mpaka sauti ikamkauka. "Mlijua! Nyote mlijua! Mmesimama hapo na midomo yenu na adabu zenu, mkamwacha mwanangu ashuke! Ilikuwa neno moja! Neno moja tu, yeyote kati yenu! Mmemuua nyinyi, si yule gogo!"

Kicheko kikafa. Alisema kweli. Wakatazama matope.

Punda Milia akatoka katika kundi. Akaja mpaka alipolala mtoto, akainamisha kichwa, akamnusa kwa heshima.

"Pole, Mama Sikudhani," akasema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikuja kubishana nawe. Nina swali moja tu, nami nimekaa nalo mwaka mzima. Siku ile nilipomshusha wangu, wewe ulisimama ubavuni mwangu. Alipita mbele yako, mkia wake ulikugusa mguu. Ulikuwa tayari umempeleka Mosi. Ulijua?"

Tohe akafumbua kinywa. Akakifumba. Wanyama wote walikuwa wanasikiliza, na kila mmoja alimwona mwenzake anasikiliza.

"Nilijua," akasema Tohe.

Punda Milia akatikisa kichwa, akaenda zake kunywa maji.

Basi, enyi wakubwa na wadogo, funzo lake halina kificho. Jambo baya ambalo kila mtu analijua kivyake, huendelea kama vile hakuna anayelijua. Linakoma siku linaposemwa mbele ya wote, wote wakitazamana usoni. Na anayengoja mwenzake aseme kwanza, huyo naye ana mkono katika lililotendeka, hata akiwa ndiye anayelia.

Hadithi yangu inaishia hapo, kando ya maji ya Ndago. Ni chungu, sikuitia sukari. Mmeisikia wote, na kila mmoja wenu amemwona mwenzake akiisikia. Kwa hiyo asije mtu kesho akaniambia hakujua.